Mpira Hupasuka Kabla Haujafunguliwa

Mtaa wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, una historia ambayo wengi wanaopita pale hawaijui. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kufuatilia afya ya wanawake waliokuwa wakiuza ngono katika vyumba vya mtaa ule. Matokeo ya mwanzo, yaliyochapishwa 1986, yalitisha. Kati ya wanawake wa kipato cha chini waliopimwa, asilimia 66 walikuwa na VVU. Kati ya wenzao wenye kipato cha juu kidogo, asilimia 31. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi kwa taaluma, akawa anawakusanya kwenye mabaraza na kuwafundisha kutumia mpira, yaani kondomu, na matumizi yakapanda ndani ya miaka michache.

Leo, miaka 40 baadaye, mwanamke anayesimama usiku Mtwapa au Kinondoni hahitaji kuambiwa mpira ni nini. Anaweza kuuvalisha gizani, na wengine huuvalisha kwa mdomo mteja asijue. Elimu anayo. Kinachomponza ni kwamba mpira wake hupasuka kabla haujafunguliwa: hupasukia kwenye mapatano ya bei, mikononi mwa askari wa kanjo (wa jiji au kaunti), kwenye kikopo cha Vaseline, au kwa bwana anayemsubiri nyumbani. Kila kinga ina mahali pake pa kushindwa, na mahali hapo panajulikana mapema. Makala haya yanahusu mahali hapo.

Kuhusu maneno, kabla hatujaendelea. Malaya na changudoa ni matusi, na kwenye dirisha la hospitali matusi hayo yana athari ya kitabibu, maana aliyetukanwa leo harudi kesho kuchukua dawa. Bara Tanzania wengi husema dada poa. Hapa nitasema mwanamke anayeuza ngono, nikijua kwamba wanaume wapo pia, na kwamba mengi ya humu yanawahusu na wao.

Hatari ndogo iliyozidishwa

Wataalamu hukadiria kwamba mwanamke akifanya ngono ya ukeni bila kinga na mwanamume mwenye VVU asiyetumia dawa, uwezekano wa kuambukizwa ni mara 8 katika matendo 10,000. Kwa anayeingiliwa kwa njia ya nyuma ni mara 138. Ukisoma 8 kwa 10,000 unaweza kupumua. Usipumue bado.

Makadirio hayo ni ya mtu asiye na kidonda wala ugonjwa mwingine wa zinaa. Vidonda vya kaswende au malengelenge hufungua mlango. Mwanamume aliyeambukizwa wiki chache zilizopita ana virusi tele kwenye damu na shahawa, na kipimo cha kawaida huenda bado kinasema hana. Halafu kuna hesabu ya kuzidisha. Mwanamke mwenye wateja 4 kwa usiku, siku 5 kwa wiki, hufikisha matendo 1,000 kwa mwaka hata akipumzika wiki mbili. Akikubali peku, yaani bila mpira, kwa mteja mmoja tu kati ya 10, tayari ni matendo 100 yasiyo na kinga. Ndiyo maana kwa kazi hii sipendi ushauri wa "tumia mpira kila wakati" ukiachwa peke yake. Huyo mmoja kati ya 10 ndiye wa kujadiliwa.

Na huyo mmoja kwa kawaida si mgeni asiyejua. Ni yule anayejua kodi ya nyumba inalipwa tarehe 5, anakuja tarehe 4, na anaongeza pesa ili mpira uachwe. Waelimishaji rika wana mbinu zao, na zinafanya kazi kuliko mabango ya ukutani. Mpira hutajwa kabla ya bei, si baada yake. Ukishataja bei kwanza, mpira unakuwa kitu cha kupunguziwa. Ukisema "bei yangu ni hii, na mpira umo ndani yake", umeuza kifurushi kimoja. Pili, makubaliano hufanyika nje, penye watu, kabla ya kuingia garini au chumbani. Mkishafunga mlango wa lojing'i, nguvu yote iko kwake. Tatu, usiseme "naogopa magonjwa", kwa sababu jibu lake liko tayari: "Kwani mimi mgonjwa?" Hapo mnabishana kuhusu heshima yake, na utashindwa. Sema unaogopa mimba, au sema ndiyo sheria ya nyumba hii.

Sheria ya nyumba ndiyo kinga kubwa kuliko zote za aina hii. Wanawake wa kijiwe kimoja wakikubaliana kwamba hakuna wa peku, mteja akimwacha huyu anakutana na jibu lilelile kwa yule. Ukuta huu huvunjwa na mambo mawili: msichana mgeni ambaye hakuna aliyekaa naye, na mwisho wa mwezi. Vikundi vyenye chama cha kuweka na kukopa hustahimili zaidi, kwa sababu anayebanwa na kodi hukopa kwa wenzake badala ya kukopa kwa mwili wake.

Mteja aking'ang'ania kabisa, kuna la katikati: kumaliza kwa mkono au mapajani. Si kila pesa ya ziada lazima iwe ya kuingiliwa, na wapo wateja wanaokubali wakiambiwa kwa namna ya kuwavutia. Kwenye mapaja shahawa ziwekwe mbali na uke.

Pombe huharibu yote haya. Mapatano yaliyofanywa kwa ustadi saa 3 usiku hayapo tena saa 8. Wazoefu huagiza soda kwenye glasi ya pombe, na hawaachi kinywaji mezani wakienda msalani, kwa sababu ya mchele, ile dawa ya kulevya inayotiwa kwenye glasi. Kwa anayetumia heroini mambo ni magumu zaidi. Arosto, yale maumivu ya kuikosa dawa, ikimshika, atakubali lolote ili apate kete. Kumhimiza avumilie kuhusu mpira ni kupoteza maneno. Kinachomrudishia uwezo wa kukataa ni methadoni, dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya heroini, ambayo Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa 2011 na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Anayejidunga apate pia sindano safi na kipimo cha homa ya ini aina ya C.

Mpira wenyewe

Joto la Pwani ni adui. Mpira uliokaa wiki nzima kwenye sidiria, mfuko wa nyuma wa jinzi au kwenye gari lililoegeshwa juani huchoka ukiwa bado ndani ya pakiti. Weka akiba nyumbani mahali pa kivuli, nje ya jiko, na uchukue wa usiku mmoja tu kwenye kikopo kigumu. Kabla ya kufungua, soma tarehe, kisha bonyeza pakiti katikati ya vidole viwili. Ikidunda kama mto mdogo, hewa imo na pakiti haijatoboka. Ikiwa bapa, tupa.

Chana kwa vidole kwenye mkato, si kwa meno, na kucha za kubandika zichungwe. Bana ncha ili hewa itoke, kwa sababu hewa iliyonaswa pale huweza kuupasua. Ukiuweka kinyume na ukakataa kukunjuka, usiugeuze: tayari umegusa majimaji ya uume. Chukua mwingine. Anapomaliza, shina la mpira lishikwe na atoke kabla hajalegea. Mipira miwili kwa mpigo si kinga maradufu, maana inasuguana na kuchanika. Na kwa mteja aliyelewa anayechukua muda mrefu, badilisha baada ya takriban nusu saa, au mara tu unapohisi ukavu.

Ukavu hunileta kwenye mafuta. Vaseline, mafuta ya nazi, mafuta ya mtoto na losheni hudhoofisha mpira wa kawaida ndani ya dakika chache. Hauonyeshi dalili yoyote hadi unapasuka. Lisilojulikana sana ni kwamba hata dawa fulani za fangasi za kuingiza ukeni zina mafuta, kwa hiyo anayetibiwa fangasi kwa krimu au vidonge vya ukeni anaweza kuwa anaoza mpira wake bila kujua. Asome karatasi ya dawa, au aombe kidonge cha kumeza kama hana mimba. Kilainishi kinachofaa ni cha maji. Kipakwe nje ya mpira ukishavaliwa, na tone moja tu ndani ya ncha. Kwa njia ya nyuma kilainishi si hiari. Mate hukauka haraka mno. Tanzania ilipopiga marufuku usambazaji wa vilainishi mwaka 2016, watu hawakuacha kuteleza. Walirudi kwenye mafuta ya kula.

Kuna kizazi cha wanawake walioambiwa watumie jeli ya kuua mbegu za kiume yenye nonoksinoli-9, kwa dhana kwamba itaua na virusi. Sifongo chenye kemikali hiyo kilijaribiwa kwa wanawake wa Nairobi, na matokeo ya 1992 yalionyesha kilileta vidonda zaidi na hakikuzuia VVU. Utafiti mkubwa uliofuata katika nchi nyingine, uliochapishwa 2002, ulikuta waliotumia sana jeli ya kemikali hiyo ndio walioambukizwa zaidi. Ukiona jina hilo kwenye pakiti ya mpira au kilainishi, acha.

Mpira wa kike unadharauliwa bure. Wanalalamika kwamba unapiga kelele na sura yake inatisha. Kelele huisha ukiongezwa kilainishi. Faida yake ni kwamba huvaliwa saa kadhaa kabla, hauhitaji uume uwe umesimama, na mteja mlevi mara nyingi haujui. Ule wa kisasa wa nitraili hauharibiwi na mafuta. Minya pete ya ndani iwe kama namba 8, isukume kwa kidole hadi ndani kabisa, na pete ya nje ibaki nje. Kosa la kawaida ni uume kupita pembeni, kati ya mpira na ukuta wa uke, kwa hiyo uongoze kwa mkono. Kuutoa, zungusha pete ya nje kabla ya kusimama. Usiutumie pamoja na mpira wa kiume.

Ndio unaosaidia pia dhidi ya wanaovua mpira kimyakimya. Hawa wapo, na hupendelea kumgeuza mwanamke asione. Taa ibaki imewaka, na mkono ushuke mara kwa mara kuhakikisha ukingo upo. Akikataa taa, hiyo ni habari tosha.

Kujisafisha kunakochafua

Baada ya kila mteja, wengi hujiosha ndani kwa sabuni, Dettol, maji ya limau au shabu. Shabu hutumiwa pia kubana. Ukifikiria kuwa anayefuata yuko mlangoni, unaelewa kwa nini. Lakini ndani ya uke kuna bakteria walinzi wanaotengeneza asidi, na sabuni huwafagia. Wakiondoka, huja wengine wanaoleta ule ute mweupe wenye harufu ya samaki, naye anazidi kujiosha. Kundi la wanawake wanaouza ngono Mombasa, lililofuatiliwa tangu 1993, lilitoa ushahidi mzito juu ya hili. Kwa miaka 10, waliojiosha ndani walipata VVU zaidi ya wasiojiosha, na waliotumia sabuni au vitu vingine walikuwa na hatari kubwa kuliko waliotumia maji matupu.

Nje osha kwa maji safi. Ndani pajisafishe penyewe. Na mpira ukitumiwa, hakuna cha kuosha ndani, hoja ambayo inamfanya mwanamke atake mpira hata asipoogopa VVU.

Siku za hedhi ni mtihani mwingine, maana kodi haisubiri. Wapo wanaosukuma pamba au kipande cha sifongo cha godoro ili damu isionekane. Vipande hukwama juu, vinaoza, na mwanamke anafika kliniki na harufu kali, maumivu ya tumbo na homa. Kama amekwama navyo, asichokonoe kwa kijiti. Muuguzi huvitoa kwa dakika chache. Mpira wa kike hushika damu kiasi na hauachi vipande.

Bwana wa nyumbani

Ukiuliza kliniki yoyote inayohudumia wanawake hawa, watakuambia: mpira hutumika zaidi kwa mteja wa leo, hupungua kwa mteja wa kila wiki, na huisha kabisa kwa mpenzi. Mpira ni alama ya kazi. Kuuvua ndiko kunakomtofautisha mume na mteja. Ukimwambia mwanamke atumie mpira nyumbani, umemwambia amgeuze mpenzi wake kuwa mteja, na wengine watapigwa kwa kulipendekeza tu.

Ndiyo maana kinga ya nyumbani lazima iwe isiyohitaji ruhusa ya mtu. Hapo ndipo PrEP, dawa anayotumia asiye na VVU ili asiambukizwe, inapoingia. Kenya ilianza kuitoa kitaifa Mei 2017. Ni kidonge kimoja kila siku, na kwa ngono ya ukeni kihesabu kwamba kinakulinda baada ya siku 7 mfululizo. Ukitaka kuacha, endelea siku 7 baada ya tendo la mwisho la hatari. Kichefuchefu na kuumwa kichwa huja wiki za mwanzo na mara nyingi hupita. Kabla ya kuanza unapimwa VVU, na ni vizuri kupimwa homa ya ini aina ya B, kwa sababu mwenye nayo akiacha dawa ghafla ini linaweza kuchachamaa. Asiye nayo achanjwe: dozi 3, leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. PrEP haizuii kaswende, kisonono wala mimba.

Inashindwa wapi? Kwenye kopo. Kopo la PrEP hufanana na la ARV, dawa za mwenye VVU, na vidonge hulia kama njuga. Mteja akilisikia mkobani, habari zinaenea kijiwe kizima kwamba fulani anao. Basi weka pamba ndani ya kopo kuua sauti, bandua lebo, ubebe vidonge vya siku mbili tatu tu, na akiba ibaki kwenye kopo lake pamoja na kile kifuko cha kunyonya unyevu. Saa ya kumeza ifuate ratiba ya kazi: anayeamka mchana asiambiwe ameze asubuhi. Chai ya kwanza baada ya kuamka, saa yoyote, ndiyo kengele yake. Dawa isiyomezwa haikingi. Jaribio la vidonge hivi kwa wanawake, lililohusisha Bondo, Kenya, lilisimamishwa 2011 kwa kutoonyesha faida, na baadaye ikabainika kwamba chini ya asilimia 40 ya waliopewa dawa walikutwa nayo kwenye damu. Kwa wenza ambao mmoja wao ana VVU, waliomeza vizuri Kenya na Uganda, maambukizi yalipungua kwa asilimia 75.

Kwa asiyeweza vidonge kuna pete ya dapivirini ya ukeni, inayokaa mwezi mzima na kupunguza hatari kwa takriban theluthi moja. Ni kinga ndogo, ila ni siri yake. Kuna sindano ya kabotegravia kila miezi 2, inayoanza na mbili zilizopishana mwezi mmoja. Ukiiacha, mabaki yake hukaa mwilini muda mrefu yakiwa hafifu, na hapo ndipo virusi hujifunza kuishinda, kwa hiyo anayeacha sindano ahamie vidonge. Na ipo lenakapavia, sindano ya tumboni mara 2 kwa mwaka. Katika jaribio la Afrika Kusini na Uganda lililochapishwa 2024, kati ya wanawake 2,134 walioipata hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Julai 2025. Wanaotumia dawa ya TB ya rifampisini wamwambie mhudumu mapema.

Jambo moja kutoka Majengo linafaa kukumbukwa hapa. Baadhi ya wanawake wa kundi lile hawakuambukizwa kwa miaka mingi ingawa walikutana na virusi kila mara, na wanasayansi wakawachunguza kwa hamu. Mwaka 2001 ikaripotiwa kwamba baadhi yao waliambukizwa hatimaye, na kilichohusishwa na hilo ni kupumzika: walikuwa wameacha kazi kwa muda, kisha wakarudi. Watafiti walidhani kinga yao ilisinzia. Hata tukiweka kando biolojia hiyo, mapumziko yana hatari yake ya kawaida. Anayeacha mwezi wa Ramadhani au anayekwenda kwao Desemba huacha na PrEP, kisha anarudi usiku wa kwanza bila ulinzi na bila akiba. Aanze vidonge siku 7 kabla ya kurudi.

Kwa ambaye tayari ana VVU, kinga yake na ya wengine ni dawa zake. Akizimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mtu kwa ngono. Hili linafaa kusemwa waziwazi, kwa sababu wengi hufikiri kazi imeisha.

Mambo yanapoharibika

Mpira umepasuka. Simama. Usijioshe ndani. Kama humezi PrEP kila siku, PEP, dawa za dharura za kuzuia VVU visishike, ianze haraka iwezekanavyo, na mlango hufungwa saa 72. Saa ya 2 ni bora kuliko saa ya 70. Dozi ni siku 28, na wengi huacha siku ya 10 wakijisikia wazima. Anayehitaji PEP mara kwa mara ahamishiwe PrEP siku ya 29 bila pengo. Kuzuia mimba, kidonge cha dharura cha P2, yaani levonojestreli miligramu 1.5, humezwa mapema, na nguvu yake hupungua kila siku hadi ya 5. Anayetumia dawa za VVU zenye efavirenzi, au rifampisini, anahitaji maradufu, miligramu 3. Koili ya shaba ikiwekwa ndani ya siku 5 ndiyo imara kuliko vidonge vyote, na inabaki kuwa uzazi wa mpango.

Wengine wameacha sindano ya Depo kwa kusikia inaongeza VVU. Utafiti wa 2019 kwa wanawake 7,829 katika nchi nne, Kenya ikiwemo, haukukuta tofauti kubwa kati ya Depo, koili na kijiti. Ulichokuta ni kwamba makundi yote matatu yaliambukizwa kwa kasi ya kutisha. Uzazi wa mpango ni wa mimba tu.

Akibakwa, mteja akiwa amelipa au hajalipa, ni ubakaji. Asioge, asifue, na nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani kwenye nailoni ushahidi huoza. Hospitali kwanza, polisi baadaye. Fomu isicheleweshe PEP. Kenya namba 1195 hupokelewa bure usiku na mchana. Kabla ya hapo yote, mazoea madogo ya kijiwe husaidia: mwenzako apate picha ya namba ya gari, jina la lojing'i, na saa ya kupigiwa. Usipopokea, watu wanaanza kutafuta.

Magonjwa mengine ya zinaa huua kimya. Kisonono na klamidia kwa mwanamke mara nyingi hazina dalili, hadi mirija inapoziba. Kwenye duka la dawa anapewa vidonge vinne vya hiki na viwili vya kile, dalili zinapungua, usugu unabaki. Kisonono siku hizi ni sindano ya seftriaksoni, na kaswende ya mapema ni benzathini penisilini, uniti milioni 2.4, mara moja. Ile ya muda mrefu hurudiwa kila wiki mara 3. Kupimwa kila miezi 3 hata bila dalili ndiyo kanuni ya kazi hii. Doksisiklini ya kumeza baada ya tendo imesifiwa kwingine, lakini utafiti wa Kisumu uliochapishwa 2023 haukuona faida kwa wanawake 449, na nywele zao zilipopimwa, dawa ilikuwemo kwenye sampuli 29 kati ya kila 100. Tatizo ni lilelile la kopo.

Saratani ya mlango wa kizazi imesahauliwa mno. Mwanamke mwenye VVU ana hatari takriban mara 6 ya wengine. Kipimo cha HPV, virusi vinavyoileta, anaweza kujichukulia mwenyewe kwa pamba. Kile cha siki hutoa jibu papo hapo. Mwenye VVU aanze akiwa na miaka 25, wengine 30.

Askari, na dirisha la hospitali

Sheria ya Kenya haitaji kuuza ngono kwenyewe kama kosa. Hutaja kuishi kwa mapato yake na kuendesha danguro. Lakini kanuni za kaunti kuhusu kuzurura humpa askari wa kanjo sababu, na mipira mkobani hugeuzwa ushahidi. Matokeo yake ni rahisi kutabiri. Anabeba mmoja badala ya kumi, na kuanzia mteja wa pili ni peku. Anayemlipa askari kwa mwili hana nafasi ya kudai mpira. Kila mpango wa afya unaogawa mipira bila kuzungumza na kituo cha polisi cha mtaa huo unamwaga maji kwenye pakacha.

Halafu Januari 2025 misaada ya Marekani ikasimamishwa, na msamaha uliofuata uliruhusu PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Vituo ambako mwanamke angeingia akiwa na nguo za kazi, bila kuulizwa, vilifungwa vingi. Aliyezoea kuhudumiwa saa 5 usiku sasa anapanga foleni asubuhi na mama wa kanisani kwake.

Dirishani si lazima ataje kazi. "Nataka PrEP, mwenzangu simwamini" inatosha, na ni kweli kwa wengi. Aweke kwenye simu tarehe za kipimo cha mwisho, chanjo, sindano na jina la kila dawa, kwa sababu faili lake la kituo kilichofungwa huenda halimfuati. Achukue dawa ikiwa bado zimebaki za wiki mbili, asingoje kopo tupu. Na aombe dozi ya miezi 3. Wahudumu wengine hutoa ya mwezi mmoja kwa mazoea tu, hadi waombwe.